Diski ya RW ikikataa kusomeka, usikimbilie kuifuta

Mwalimu mmoja mstaafu kutoka Njoro aliniletea diski tano zilizofungwa kwa gazeti. Alizitoa moja moja na kuzipanga mezani pangu hapa Nakuru kwa uangalifu wa mtu anayepanga mayai. CD-RW tatu, DVD-RW moja (RW ni zile zinazofutika na kuandikwa upya), na nyingine ndogo ya sentimita 8, ile ya kamera za video za zamani.

"Kijana wangu," akaanza, "kompyuta ya nyumbani inasema zote hazina kitu. Nilipita duka moja hapo mjini, wakaniambia dawa yake ni kuzifuta kabisa, zitarudi kama mpya. Nikaona nije kwako kwanza."

Nilimshukuru kwa kuja. Wale wa dukani hawakumdanganya: kuifuta diski ya RW huifufua kweli, na mara nyingi ndiyo njia pekee. Lakini kinachofufuka ni ile sahani tu. Picha zilizomo huondoka. Neno "kufufua" linabeba kazi mbili hapa. Kuna kuifufua diski ili iandikike tena, na kuna kukifufua kilichoandikwa ndani yake, na kazi ya kwanza huiua ya pili. Kila mteja anayekuja na diski ya namna hii namuuliza jambo moja kabla sijaigusa: unataka diski, au unataka kilichomo?

"Diski sihitaji hata moja," mwalimu akajibu. "Nataka picha za wanangu walipokuwa wadogo, na ile video ya mamangu."

Basi tukaziweka kando dawa zote za kufuta.

Ili ujue kwa nini diski iliyojaa huweza kuonekana tupu, anza na namna inavyoandikwa. CD ya muziki ya kununua hugongwa kiwandani: vishimo vidogo sana huchapwa kwenye plastiki, kisha vikafunikwa kwa utando wa alumini. Hizo hazifutiki. CD-R nayo ina rangi ambayo leza huiunguza mara moja tu, na ndiyo maana mpaka leo tunasema "kuchoma" CD. CD-RW, zilizoingia sokoni mwaka 1997, hazina vishimo wala rangi. Ndani yake mna utando mwembamba wa madini yaliyochanganywa: fedha, indiamu, antimoni na teluriamu.

Mchanganyiko huo una hali mbili. Fikiria sukari iliyoyeyushwa sufuriani. Ukiimwaga kwenye sahani baridi inaganda ghafla na kuwa kama kioo. Sharubati nzito ya sukari ukiiacha ipoe taratibu, hufanya chembechembe. Utando wa RW ni hivyo hivyo. Leza ikiupiga kwa nguvu zake zote, doa dogo hufikia joto la kati ya nyuzi 500 na 700, likayeyuka, na kwa kuwa ni dogo mno hupoa papo hapo likiwa halina mpangilio. Doa hilo hurudisha mwanga kidogo. Leza ikipunguzwa hadi doa lifike nyuzi kama 200, utando haupati kuyeyuka bali hujipanga upya kama fuwele, na mwanga hurudi vizuri zaidi. Huko ndiko kufuta. Leza ikiwa dhaifu kabisa haibadilishi chochote, inasoma tu. Mambo yote ya RW yamo katika nguvu hizo tatu za leza moja, na watengenezaji huahidi kwamba utando unaweza kugeuzwa hivyo mara 1,000 hivi kabla haujachoka.

Hapo pana udhaifu ambao wengi hawaujui. CD ya kiwandani hurudisha asilimia 70 ya mwanga au zaidi. CD-RW hurudisha kati ya 15 na 25 tu. Draivu inayosoma RW inafanya kazi ya mtu anayesoma gazeti kwa mshumaa. Lenzi ikiingia vumbi kidogo, au leza ikizeeka, CD za kiwandani zitaendelea kusomeka bila shida na RW zitakuwa za kwanza kukataliwa. Mwenye kompyuta huona wimbo alioununua unacheza vizuri, akahukumu kwamba draivu ni nzima na diski ndiyo mbovu. Mara nyingi ni kinyume.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza hakihitaji programu. Chukua CD ya kiwandani, CD-R na RW nyingine unayoijua kuwa nzima, uzijaribu kwenye draivu hiyo. Zile mbili zikisomeka na RW zote zikakataa, ugonjwa uko kwenye draivu. Tafuta nyingine, na tafuta inayoandika, kwa sababu zilizoundwa kuandika RW huwa na subira zaidi na mwanga hafifu kuliko zile za kusoma pekee. Bora kuliko zote ni draivu ileile iliyoiandika diski, kama bado ipo. Mimi sijatupa draivu za kompyuta za mezani zilizopita mikononi mwangu. Ziko kwenye rafu, na CD mbili kati ya tatu za mwalimu zilifunguka kwenye moja ya hizo bila mimi kufanya jambo lingine lolote.

Kuhusu kusafisha nitasema machache, maana wengi huharibu hapa. Vumbi la Nakuru ni kali, na kitambaa kikavu chenye vumbi ni msasa. Osha diski kwa maji safi yenye sabuni kidogo ya maji, isuuze, kisha ifute kwa kitambaa laini kuanzia katikati ukielekea ukingoni. Usifute kwa kuzungusha. Data imeandikwa kwenye mstari mmoja unaozunguka kutoka ndani kwenda nje kama koili ya mbu. Mkwaruzo unaokata kutoka katikati hadi ukingoni hugusa kila mzunguko mahali padogo tu, na hesabu za kurekebisha makosa zilizomo ndani ya CD huziba pengo la hadi milimita 2.5 hivi. Mkwaruzo unaofuata mzunguko hula mstari mmoja kwa urefu, na hapo hesabu hushindwa.

Upande wa juu wa CD, penye maandishi, ndio wa kuogopewa zaidi. Plastiki yote ya milimita 1.2 iko chini. Utando wa data uko juu kabisa, umefunikwa kwa vanishi tu. Ukibandua lebo ya karatasi iliyogandishwa hapo, unaweza kuuchuna utando wenyewe, na jeraha hilo halina tiba. DVD imekingwa zaidi kwa sababu data yake iko katikati ya sahani mbili za milimita 0.6 zilizogundishwa pamoja. Kuhusu dawa ya meno: inaweza kulainisha mkwaruzo wa upande wa plastiki, lakini nayo inakwaruza, kwa hivyo iwe ya mwisho kabisa. Kuiweka diski kwenye friji hakutibu chochote, huleta unyevu tu.

CD ya tatu ya mwalimu ilikuwa safi. Niliinamisha chini ya taa, sikuona mkwaruzo hata mmoja. Palikuwa na mkanda mpana wa rangi iliyokolea kidogo kuanzia karibu na tundu hadi zaidi ya nusu. Mkanda huo ni maandishi. Sehemu iliyoandikwa ya RW huonekana tofauti na isiyoandikwa ukiigeuza-geuza kwenye mwanga, na macho yako ni shahidi mzuri kuliko kompyuta inayokuambia diski ni tupu.

Nikamuuliza alivyokuwa akiiandika.

"Kijana wangu wa pili ndiye alikuwa akiweka picha," akasema. "Alikuwa anazivuta tu zinaingia, kama flashi. Siku moja stima ikapotea akiwa katikati. Tangu hapo haijafunguka."

Maneno hayo yalinitosha.

Kuna njia mbili za kuandika RW. Ya kwanza ni ya kuchoma: unakusanya faili zote, programu inaandika kwa mfululizo mmoja, inafunga, basi. Ya pili ilipendwa sana miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, kwa programu kama DirectCD na InCD, na baadaye ikaingia ndani ya Windows yenyewe kuanzia Vista. Hii hukuruhusu kuvuta faili moja, kufuta nyingine, kubadili jina, kama vile diski ni flashi. Mpangilio wake wa faili huitwa UDF. Data huandikwa kwa vifurushi vya KB 64, na kati ya kifurushi na kifurushi huachwa nafasi ya kuunganishia, ndiyo sababu CD-RW ya MB 700 iliyoandaliwa hivyo hubaki na karibu 570 tu.

Sasa fikiria rejista ya darasa iliyoandikwa kwa penseli. Kurasa za ndani mwalimu huziandika mara moja na kuziacha. Ukurasa wa mbele wenye orodha ya majina na namba za kurasa hufutwa na kuandikwa upya kila mtoto anapohamia au kuondoka. Ukurasa gani utatoboka kwanza? UDF ina orodha ya namna hiyo: faili fulani iko wapi, inaanzia wapi, ina ukubwa gani. Kila ukiingiza picha moja, orodha inaguswa. Zile mara 1,000 za utando zinaisha kwenye orodha kabla hazijaanza kuhesabiwa penye picha. Wabunifu wa UDF waliliona hilo, wakatenga nafasi za akiba za kuhamishia vifurushi vinavyochoka. Lakini nafasi za akiba nazo zina mwisho, na jedwali linaloonyesha kifurushi gani kimehamia wapi nalo limeandikwa kwenye diski hiyohiyo.

Na stima ikipotea wakati orodha inaandikwa, kifurushi hicho hubaki si cha zamani wala si kipya. Kompyuta ikifika hapo haielewi, na badala ya kusema "orodha imeharibika" inasema "diski hii haijafomatiwa, je, ungependa kuifomati?" Naomba kila anayesoma hapa ajibu "hapana". Swali hilo limepoteza albamu nyingi za picha kuliko mikwaruzo. Picha ziko mahali pake, nzima, ni njia ya kuzifikia tu iliyokatika.

Dawa ya ugonjwa huu ni kuinakili diski nzima kama ilivyo, bila kumwuliza orodha chochote. Mimi hutumia Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, iliyowashwa kutoka kwenye flashi, na programu ya bure iitwayo ddrescue. Kwanza napunguza mwendo wa draivu, kwa amri ya eject -x 4, kwa kuwa diski dhaifu ikizungushwa taratibu husomeka zaidi. Kisha:

ddrescue -b 2048 -n /dev/sr0 picha.iso picha.map

Uzuri wa ddrescue ni ile faili ya pili, ya ramani. Programu huchukua haraka sehemu zote rahisi, ikifika penye shida inaruka na kuandika kwenye ramani kwamba hapa nimepaacha. Ukimaliza unairudisha kwenye mapengo peke yake, kwa -r3 ili ijaribu mara tatu. Unaweza hata kuisimamisha, ukaitoa diski, ukaitia kwenye draivu tofauti, ukaendelea na ramani ileile. Kipande kilichokataliwa na draivu moja huenda kikakubaliwa na nyingine. Kunakili kwa kawaida kwa Windows hakufanyi hivyo. Kukikutana na kosa la kwanza kunaacha kazi yote, au kunaing'ang'ania sehemu moja mbovu mpaka draivu ipate moto.

CD ya mwalimu ilichukua saa mbili na nusu. Dakika ishirini za mwanzo zilikwenda haraka, kisha draivu ikaanza ule mlio wa kupunguza mwendo, kupanda, kupunguza tena. Mwalimu alikaa kwenye stuli akisikiliza kama mtu aliye nje ya chumba cha wagonjwa. Mwishowe pengo lililobaki lilikuwa dogo, na karibu lote lilikuwa mwanzoni, penye orodha.

Kutoka kwenye nakala hiyo, programu nyingine ya bure, PhotoRec, hutafuta picha kwa alama zake zenyewe. Kila picha ya JPEG huanza kwa baiti tatu zilezile, FF D8 FF, iwe imepigwa Kisumu au Japani. PhotoRec hupita nakala mwanzo hadi mwisho, na kila ikiiona alama hiyo hukata picha inayofuata na kuihifadhi. Majina ya faili hupotea, na folda pia, kwa kuwa hayo yalikuwa kwenye orodha. Lakini tarehe na saa ya kupigwa mara nyingi huwa imeandikwa na kamera ndani ya picha yenyewe, kwa hivyo unaweza kuzipanga. Tulipata zaidi ya mia tatu. Ya kwanza kufunguka ilikuwa ya mtoto wa kike amevaa sare kubwa kuliko mwili wake, amesimama mbele ya mlango wa bati, jua limempiga machoni. Mwalimu aliomba niiache hapo kidogo nisiende kwenye nyingine.

Asiyetumia Linux anaweza kutafuta IsoBuster ya Windows, ambayo huisoma UDF kwa njia zake na huona hata maandishi ambayo hayakufungwa. Kutazama ni bure. Kazi nyingi za kuokoa zinahitaji leseni.

Diski ndogo ya sentimita 8 ilikuwa na ugonjwa mwingine kabisa, na karibu kila familia iliyofanya sherehe miaka ile huenda inao. Kamera za DVD zilirekodi moja kwa moja kwenye diski hizi za GB 1.4. Ili DVD isomeke nje ya kamera, ilibidi mpiga video achague amri ya kuifunga, yaani kamera iandike mwanzo na mwisho wa diski ambao mashine nyingine hutegemea. Wengi hawakufanya hivyo. Kompyuta ikiipokea diski isiyofungwa inaiona tupu, nayo kamera iliyoirekodi inaionyesha bila wasiwasi. Hakuna kilichoharibika, kazi haikumalizwa tu. Tafuta kamera ile, au ya aina ileile, ichomeke kwenye stima badala ya kutegemea betri, kisha iamuru iifunge. Kamera ikiwa haipatikani tena ndipo turudi kwenye IsoBuster.

Na kama diski imeshafutwa? Inategemea alama moja ndogo kwenye jina. Kwa CD-RW na DVD-RW, kufuta kwa haraka hufuta sehemu ya mwanzo tu, penye jedwali la yaliyomo. Mengine yote bado yapo kwenye utando, ila draivu za kawaida zikiona hakuna jedwali hukataa kwenda mbele. DVD+RW, yenye alama ya kujumlisha, haina kufutwa kwa namna hiyo. Yenyewe huandikwa juu ya yale ya zamani, na draivu hukubali kuisoma popote palipoandikwa. Programu inayodai "imeifuta" mara nyingi imeandika sehemu chache za mwanzo tu, na yaliyo mbele yanaweza kunakiliwa kwa ddrescue kama kawaida. Ukiwa umefuta kwa ukamilifu, ambapo leza hupita diski yote, data hairudi.

Baada ya kuokoa kila kitu ndipo nikamwonyesha mwalimu jinsi ya kuifufua diski yenyewe, kwa kuwa aliuliza. Hapa sasa kufuta ndiyo dawa, na kuwe kamili. Kwa wodim, programu ya Linux ya kuchoma diski, amri ni blank=all; kwa Windows, ImgBurn ina chaguo la kufuta kote. Kwa mwendo wa 4x CD-RW ya dakika 80 huchukua dakika 20 hivi. Wanaoharakisha hutumia kule kwa haraka kisha wakashangaa: DVD-RW iliyofutwa kwa haraka hukubali tu kuandikwa kwa mkupuo mmoja, na ukitaka kuongeza faili kidogo kidogo itakugomea mpaka uifute yote.

Ikikataa kufutwa, angalia mwendo ulioandikwa juu yake kabla ya kuitupa. CD-RW ya 4x hadi 12x ilitengenezwa tofauti na zile za kwanza za 1x hadi 4x, na mashine ya zamani ya 4x haiwezi kuiandika hata ikiwa mpya. Za 16x hadi 24x nazo zinataka draivu za wakati wao. Jaribu nyingine. Ikishafutwa, ijaze data mpaka mwisho na uisome yote kabla hujaiamini na kitu. Mimi kwa upande wangu diski iliyowahi kupoteza orodha siipi tena picha za mtu. Naitumia kubebea nyimbo ambazo ziko mahali pengine.

DVD-RW ya kawaida ya mwalimu ilikuwa na mapengo mengi mno, tukapata nusu tu ya vilivyomo. Nilimwambia hivyo bila kuzunguka. Ile ndogo ndiyo ilikuwa na video ya mamake, na kamera ilikuwa ya mpwa wake anayeishi Kisumu. Alimpigia simu akiwa bado kwangu.

"Mjomba, ile kamera iko kwenye sanduku juu ya kabati," tukasikia sauti upande wa pili. "Chaja sijui kama ninayo."

"Itafute. Na ukiipata usiitie diski yoyote. Nakuja nayo mwenyewe Jumamosi."

Nilimwandikia kwenye karatasi hatua za kufuata, mstari wa mwisho nikaupigia mstari chini: kamera au kompyuta ikiuliza kufomati, hapana. Aliikunja, akaiweka ndani ya gazeti pamoja na ile diski ndogo, akaenda kituo cha matatu.

Jumatatu alinitumia ujumbe. Chaja ilikuwa imepatikana kwa jirani, kamera ilichukua kama dakika sita kuifunga, na nyanya alionekana ameketi chini ya mwembe akiwahesabu wajukuu kwa majina.